Koili Haiungui Bure

Nyumba nyingi za Dar es Salaam hutumia maji ya namna mbili, na wenyewe huyahesabu kuwa maji tu. Bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, likitoka, tenki la juu hujaa maji ya Mto Ruvu. Likikata kwa siku kadhaa, pampu ya kisima huwashwa na tenki lilelile hujazwa maji ya ardhini. Yote mawili hushuka kwenye bomba moja hadi kwenye birika la umeme, hita ya bafuni, mashine ya kufulia na pasi ya mvuke. Hita ikifa kabla ya kumaliza mwaka, lawama humwangukia muuza duka aliyeuza feki, fundi aliyeifunga, au umeme unaopanda na kushuka. Hayo yote hutokea, sikatai. Lakini ukiifungua hita yenyewe, mara nyingi utaikuta koili imevaa gamba jeupe la milimita kadhaa. Gamba limepasuka mahali pamoja, na pale lilipopasukia ndipo koili ilipotobokea.

Hoja yangu leo ni moja. Kwa vifaa vya umeme, maji magumu hufanya uharibifu wake pale yanapopashwa moto, na maji tunayoyapasha moto nyumbani ni kidogo sana yakilinganishwa na yale ya chooni, ya kudekia na ya kumwagilia maua. Anayelielewa hilo atalinda vifaa vyake kwa fedha kidogo. Asiyelielewa atauziwa mtambo wa mamilioni utakaosafisha hata maji ya kusukumia choo.

Mvua inaponyesha ni maji laini kabisa. Ikizama ardhini hukutana na hewa ya ukaa inayotoka kwenye mizizi na majani yanayooza, ikawa asidi hafifu. Asidi hiyo ikipenya kwenye mwamba wa chokaa huuyeyusha polepole, na maji huondoka yamebeba kalsiamu na magnesiamu pamoja na bikaboneti. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekalia chokaa ya matumbawe ya kale, ambayo iliachwa nchi kavu bahari iliposhuka. Mawe yanayosagwa kuwa saruji kule Wazo, na yale ya Bamburi, Mombasa, ni ndugu wa kile unachokikwangua chini ya birika lako.

Maji hayo yakichemshwa, safari inarudi ilikotoka. Hewa ya ukaa hutoka, bikaboneti huvunjika, na kalsiamu hugeuka kaboneti isiyoyeyuka. Sukari huyeyuka zaidi kadiri maji yanavyopata moto, lakini kaboneti ya kalsiamu hufanya kinyume: joto likizidi, kuyeyuka kunapungua. Ndiyo maana haitui popote tu. Hutafuta penye joto kuliko pote, na hapo ni juu ya koili. Wanakemia huuita huu ugumu wa muda kwa kuwa kuchemsha kunauondoa. Upo pia ugumu wa kudumu, ambapo kalsiamu na magnesiamu huwa zimeambatana na salfeti au kloraidi. Huo hata uchemshe mpaka nusu ya maji iishe, hautoki. Tofauti hii tuishike, maana tutaihitaji mbele.

Ugumu hupimwa kwa miligramu katika lita moja, zikihesabiwa kama kaboneti ya kalsiamu. Chini ya 60 maji ni laini, 61 hadi 120 ni ya wastani, 121 hadi 180 ni magumu, na kuzidi 180 ni magumu sana. Sasa angalia kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa, EAS 12: maji yaliyosafishwa mtamboni yanaruhusiwa kufika 300, na ya asili, kama ya kisima, hadi 600. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo chochote cha ugumu kwa sababu ya afya. Kwa hiyo kisima chako kinaweza kupewa cheti safi na maabara, watoto wakanywa bila tatizo, na maji hayohayo yakaua koili kila mwaka. Cheti kile kimepima tumbo lako, hakikupima hita.

Na kwa kuwa tumegusa tumbo: yale mavumbi meupe yanayotuama chini ya sufuria ya maji ya kunywa baada ya kuchemsha ni chokaa, si uchafu wala sumu. Yaache yatulie, mimina juu juu, kunywa. Kuna watu wameacha kuchemsha maji kwa kuogopa vumbi lile, wakapata homa ya matumbo. Hiyo ni hasara ya kujitakia.

Ugumu wa maji hufuata mwamba, haufuati mipaka ya mkoa wala ya nchi. Ruvu huanzia Milima ya Uluguru na husafishwa kwenye mitambo miwili mikubwa: Ruvu Juu kule Mlandizi, yenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini kule Bagamoyo, lita milioni 270. Mto huo hubeba tope kuliko chokaa, na maji yake kwa kawaida ni laini au ya wastani. Balaa lake ni jingine, ukipungua jiji linakauka. Oktoba na Novemba 2022, mgawo ulipotangazwa kwa sababu Ruvu imeshuka, kila mwenye kisima aligeuka mfadhili wa mtaa na maboza yakapanga bei yatakavyo. Hita zilizozoea Ruvu zikaanza kunyweshwa kisima.

Na kisima cha Dar hakitabiriki kwa kumwangalia jirani. Visima viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa uzio vinaweza kutoa maji mawili tofauti kabisa, kwa sababu kimoja kimeishia kwenye mchanga na cha pili kimeshuka hadi kwenye chokaa, au kwa sababu kimoja kinavutwa mno hadi bahari imeanza kuingia. Hili la bahari linastahili hesabu. Maji ya bahari yana ugumu unaozidi miligramu 6,000 kwa lita. Yakipenya kisimani sehemu 5 tu katika 100, yanakuongezea ugumu wa miligramu 300 na chumvi ya zaidi ya gramu moja na nusu kwa kila lita. Hapo umepata maadui wawili kwa mpigo, na dawa zao si moja.

Unguja, ambayo hutegemea karibu maji yote kutoka chini ya ardhi yenye matumbawe, haina haja ya kuelezwa na mtu wa bara. Mwanza, Kisumu na Kampala wana bahati, kwa sababu Ziwa Victoria ni laini na birika la huko hukaa miaka likiwa safi ndani. Watu wa Kigoma, Bujumbura, Uvira na Kalemie wasidhani ziwa lao liko hivyohivyo. Ziwa Tanganyika lina magnesiamu nyingi, kama miligramu 40 kwa lita, na kalsiamu kama 10. Zidisha ya kwanza kwa 4.1 na ya pili kwa 2.5 ndipo upate ugumu: jumla ni kama 190. Haya ni maji ya ziwa, yanang'aa hadi unaona kokoto chini, na bado kwa jedwali letu ni magumu sana. Macho hayapimi ugumu.

Kisha kuna Arusha na Meru, ambako mambo yamegeuka. Maji mengi yanayotoka kwenye miamba ya volkano kule yana kalsiamu kidogo, kwa hiyo ni laini, sabuni inatoka povu vizuri na birika halishiki gamba. Mgeni kutoka Dar huyasifu. Kumbe upungufu huohuo wa kalsiamu ndio unaoiacha floraidi ibaki majini kwa wingi, kwa sababu kalsiamu ingekuwepo ingeikamata floraidi na kuituamisha. Wenyeji wa maeneo kama Maji ya Chai wanayajua matokeo kwenye meno yao na kwenye mifupa ya watoto. Kikomo ni miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 8 kwa maji ya vijijini kwa kuwa hapakuwa na namna. Nalisema hili ili tusije tukayafanya maji laini kuwa maji mema. Kama ningelazimishwa kuchagua kati ya hita yenye gamba na meno ya kahawia, ningenunua koili nyingine.

Hata kule Ghuba, wanakogeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa, wahandisi huyarudishia chokaa kwa makusudi kabla ya kuyaingiza kwenye mtandao. Maji laini mno hula mabomba. Utando mwembamba wa chokaa ndani ya bomba la chuma ni kinga.

Sasa tuingie jikoni. Chukua birika la umeme la lita 1.7 linalochemshwa mara 4 kwa siku kwa maji yenye ugumu wa muda wa miligramu 300. Hizo ni lita 6.8 kila siku, zenye gramu 2 za chokaa. Kwa mwaka ni gramu 745. Si yote itakayoganda, nyingine huenda kwenye chai, lakini hata ikiganda nusu ni zaidi ya robo kilo ya jiwe ndani ya chombo unachokinyanyua kila asubuhi. Birika huanza kupiga kelele isiyo ya kawaida, kwa sababu maji yaliyonaswa chini ya gamba hugeuka mvuke na kupasuka vipande vipande. Kisha swichi ya kujizima inaanza kuchanganyikiwa: inazima maji hayajachemka, au haizimi kabisa.

Kwenye hita ya tenki kuna uongo mmoja wa biashara niuweke wazi. Wauzaji wa mitambo ya kulainisha maji hupenda kusema gamba linakula umeme wa Luku kwa asilimia kubwa. Mwaka 2009 maabara ya Battelle ya Marekani ilitoa ripoti ya majaribio ya hita kwa maji magumu na laini. Hita za gesi zilipoteza ufanisi hadi asilimia 48 kwenye maji magumu sana, kwa sababu moto uko nje na gamba linauzuia usiingie. Joto linapotea kwenye bomba la moshi. Za umeme ufanisi wake haukushuka. Sababu yake ni ya kawaida tu: koili imezama ndani ya maji, na joto lake lote, hata likichelewa, halina pengine pa kwenda ila kwenye maji hayohayo. Kilichopungua ni umri wa koili. Na utafiti huo uligharamiwa na taasisi ya utafiti ya watu wa biashara ya kusafisha maji, ambao wangefurahi kusikia jibu tofauti. Hivyo mtu akikwambia mtambo wake utapunguza nusu ya bili ya umeme, muulize hita yako ni ya gesi au ya umeme.

Kinachotokea kwa koili ni hiki. Imetengenezwa ikijua kwamba maji yataipoza muda wote. Gamba likijengeka linazuia joto lisitoke haraka, na koili inabidi ipate moto zaidi ili kusukuma joto lilelile. Siku moja gamba linapasuka, maji yanaingia ghafla kwenye chuma kilichowiva, chuma kinatanuka na kusinyaa vibaya, ganda la koili linatoboka na umeme unaruka. Fundi anafika, anabadilisha koili na kukwambia, "Bosi, hapa nimemaliza." Hajamaliza. Tenki bado lina ndoo ya chokaa chini, kirekebisha joto bado kimefungwa nyuzi 75, na ile fimbo ya magnesiamu inayojitoa kafara ili tenki lisipate kutu imebaki waya mtupu.

Mambo matatu hapo yangefaa kufanywa siku ileile. Shusha joto hadi nyuzi 60. Juu ya hapo gamba huongezeka kwa kasi, na chini ya hapo unakaribisha bakteria ndani ya tenki. Toa mashapo kwa kufungulia maji ya chini hadi yatoke meupe na kisha safi. Badilisha fimbo ya magnesiamu, ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya koili na ndogo mno kuliko ya tenki. La nne ni usalama: ile valvu ndogo inayotoa maji shinikizo likizidi ikizibwa na chokaa haifunguki, na hita ya tenki iliyoziba njia ya kupumulia si chombo cha kulala nacho ukuta mmoja. Inyanyue ulimi wake mara kwa mara uone kama inatoa maji.

Lakini chombo kinachonikosesha usingizi ni kile cha bei rahisi, hita ya papo kwa papo inayofungwa kwenye bomba la mvua juu ya kichwa cha mtu anayeoga. Nyingi zina wati 5,500 hivi, na ndani yake koili ni waya mtupu unaoguswa na maji moja kwa moja. Kwenye maji laini yasiyo na chumvi mpango huo unakubalika, kwa sababu maji hayo yanapitisha umeme kidogo mno. Mimina kisima chenye chumvi, umeme unaovuja kupitia maji unaongezeka kadiri chumvi inavyoongezeka. Mwogaji anasikia mwasho mdogo akigusa koki ya chuma. Anazoea. Nyumba nyingine wana kawaida ya kuoga wamevaa ndala, na mgeni huelekezwa hivyo kama anavyoelekezwa ilipo taulo.

Mwasho ule usiuzoee. Madukani zipo hita za aina hii zilizotengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi, ambazo koili yake imefunikwa. Huwa ghali zaidi kidogo, na mwenye duka asipoulizwa hazitaji. Hata hiyo nayo haifai bila waya wa ethi uliozikwa kweli ardhini, maana ule uliofungwa kwenye bomba la plastiki hausaidii mtu, na bila swichi kuu inayokata umeme mara unapoanza kuvuja. Nimewahi kufunga safari kwenda kutazama hita ya mtu niliyeambiwa "inauma kidogo." Waya wa ethi ulikuwepo, wa kijani na njano, umekatwa vizuri na kuingizwa ndani ya ukuta, ambako haukuunganishwa na kitu chochote.

Ugumu na chumvi ni mambo mawili, ingawa mitaani yote huitwa maji ya chumvi. Ugumu wa muda huleta gamba. Kloraidi ya chumvi haileti gamba, inatoboa. Hata chuma kisichoshika kutu hutobolewa na kloraidi, tundu dogo la sindano, na hita inaanza kutiririka kwenye maungio. Kisima cha ufukweni kinaweza kuwa na ugumu mkubwa kwenye karatasi na bado birika likabaki halina gamba, kwa sababu sehemu kubwa ya ugumu wake ni wa kudumu. Mwenye nyumba akaona birika safi akajipongeza, huku tenki la hita linaoza.

Mashine ya kufulia haina taabu kama inavyosemwa, hasa kwetu ambako wengi hufua kwa maji ya baridi, na sabuni ya unga ina viungo vya kuikamata kalsiamu. Inayoumia ni vichujio vidogo pale mpira wa maji unapoingilia, vitoe uvisafishe. Pasi ya mvuke huziba matundu na kumwaga madoa meupe kwenye shati jeusi. Itilie maji ya mvua.

Anayelipa ni anayefua kwa mkono na sabuni ya mche. Sabuni halisi hukutana na kalsiamu ikawa utando mzito usioyeyuka, ule unaoganda kwenye beseni na kuifanya nguo nyeupe iwe ya kijivu. Mpaka kalsiamu yote iishe ndipo povu lianze kutoka, yaani sehemu ya kwanza ya mche wako imekwenda kulainisha maji, haijafua hata soksi. Jikoni nako maharage hugoma kuiva, kwa sababu kalsiamu hukaza kile kinachoshikilia chembe za maganda. Bibi zetu waliijua dawa kabla ya wanakemia. Magadi ni kaboneti ya sodiamu kwa sehemu kubwa, na kazi yake ni kuituamisha kalsiamu hata maharage yakalegea. Shida ni kwamba baadhi ya magadi ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, na wataalamu wameyataja kwenye madhara ya meno huko kaskazini. Kuloweka maharage usiku kucha kwenye maji ya mvua kunafanya kazi ileile bila deni hilo.

Nirudi kwa wauzaji, maana wamezidi. Kijana aliyevaa nadhifu anabisha hodi na kifaa chenye vijiti vya chuma. Anakitumbukiza kwenye glasi ya maji yako, na ndani ya dakika maji yanageuka kahawia yenye takataka. Kwenye glasi ya maji ya mtambo wake hakuna kitu. Mama mwenye nyumba anashika mdomo. Kahawia ile ni chuma cha vijiti vyenyewe, kilichooza kwa umeme kwa sababu maji yako yana madini ya kupitisha umeme. Maji ya mtambo hayana, basi umeme haupiti na vijiti haviozi. Tia chembe ya chumvi safi ya mezani kwenye glasi yake, yatageuka kahawia vilevile. Wapo pia wenye kalamu ya kupimia inayotoa tarakimu. Hiyo hupima jumla ya madini yaliyoyeyuka, haijui kutofautisha kalsiamu na chumvi, na kwa suala la gamba haikwambii kitu.

Mitambo yenyewe ina maana pale inapolingana na tatizo. Ile inayotumia punje za resini hubadilishana kalsiamu kwa sodiamu: kwa kila miligramu 100 za ugumu zinazotoka, miligramu 46 za sodiamu zinaingia. Inazuia gamba vizuri sana. Haitoi chumvi, inaongeza, kwa hiyo kwa kisima cha ufukweni ni kuongeza maji baharini, na mwenye shinikizo la damu asiyanywe. Ile ya kusukuma maji kupitia utando mwembamba hutoa vyote, chumvi na ugumu, lakini humwaga maji mengi kama taka na utando wake wenyewe huuawa na gamba usipotunzwa. Chujio la kauri au la mkaa, ambalo nyumba nyingi wanalo, halipunguzi ugumu hata kidogo. Sumaku ya kufunga kwenye bomba sijaona ushahidi wa kuaminika wa kunifanya niinunue.

Gamba likishajengeka, asidi hafifu inatosha. Siki nusu na maji nusu, au unga wa asidi ya sitriki vijiko vikubwa viwili kwa lita, acha saa moja, suuza. Ndimu inafaa kwa birika ukiwa nazo nyingi. Kwa mashine na hita fuata kitabu chake, na sufuria za alumini usiziloweke muda mrefu, asidi inazila. Usichanganye kamwe na dawa ya kung'arishia nguo: inatoa gesi ya klorini, na bafuni hakuna pa kukimbilia. Na mafundi, nawaomba, acheni asidi ya betri. Mbali na kuunguza mikono na mabomba, asidi ile ikikutana na chokaa hutengeneza jasi, ambayo haiyeyuki kirahisi na huganda juu ya gamba kama plasta. Mnalipa gharama ya kuligeuza tatizo liwe gumu zaidi.

Ningekuwa najenga leo hapa Dar, nisingenunua mtambo wa nyumba nzima. Ningeweka matenki mawili na mabomba mawili tangu msingi: kisima kiende chooni, bustanini na kwenye kudeki, maji ya Ruvu na ya mvua yaende jikoni na kwenye hita. Bomba la pili wakati wa ujenzi ni gharama ndogo, ukutani baada ya vigae ni balaa. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, tenki dogo la mvua kwa ajili ya birika na pasi, na valvu ya kuchagua maji ya hita, vinatosha kwa wengi. Masika moja hujaza mengi kuliko birika linavyoweza kunywa.

Anayetaka kuchimba kisima asianze na mwenye mtambo wa kuchimba, aanze na Bodi ya Maji ya Bonde kwa kibali, na akimaliza apeleke sampuli kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara. Asikubali karatasi iliyoandikwa "yanafaa" peke yake. Adai tarakimu nne: jumla ya ugumu, alkalini (yaani kipimo cha ile bikaboneti), kloraidi na upitishaji wa umeme. Ugumu ukikaribiana na alkalini, tarajia gamba. Kloraidi na upitishaji vikiwa juu, tarajia kutu na ununue hita ya maji ya chumvi. Na mamlaka zetu za maji, ambazo maji yake hupimwa mara kwa mara, zingeandika tarakimu ya ugumu wa kila eneo kwenye bili, kama kampuni za maji za Uingereza zinavyomwonyesha mteja kwa kuangalia anwani yake tu. Vipimo tayari vipo kwenye mafaili. Tunaomba vitoke.